Zege Haliponyi Udongo Dhaifu

Imekita mizizi miongoni mwetu dhana ya kwamba msingi wa jengo ni saruji na nondo tu, na ya kwamba mhandisi anayeamrisha kazi isimame kwa kuwa ameona maji yakichuruzika mtaroni, au udongo ukibonyea kwa kidole gumba pale michoro ilipotaraji mchanga mgumu, ni mwoga asiyeijua kazi yake, anayemtia hasara mwenye jengo kwa ujira wa vibarua waliokaa bure. Dhana hii ni batili, tena ni ya hatari.

Huko Transcona, karibu na Winnipeg nchini Kanada, lilijengwa ghala kubwa la nafaka kwa zege lenye nondo, juu ya jamvi la zege hilohilo. Udongo ulipimwa mtaroni ukaonekana unahimili mzigo, lakini ardhi haikutobolewa kwenda chini zaidi, ilhali chini ya tabaka gumu la juu palikuwa na mfinyanzi laini. Mwezi wa Oktoba 1913, ghala likikaribia kujaa ngano, lilididimia kiasi cha futi moja kwa muda wa saa moja, kisha likainama, hata ilipotimia siku moja lilikuwa limelala kwa nyuzi zipatazo 27. Na zege lenyewe lilibaki zima! Baadaye waliliinua, wakalitegemeza kwa nguzo zilizofika mwambani, likarejea kutumika. Basi mifuko zaidi ya saruji ingalifaa nini?

Hivyo fundi asemapo, "Tuongeze nondo, tunenepeshe zege, tuendelee," huenda anauongezea uzito udongo uleule uliokwisha kushindwa. Na kusimama si kushindwa: mnara wa Pisa uliachwa kujengwa mwaka 1178 kwa takriban karne nzima, na wataalamu wa udongo wanakubaliana kwamba muda huo, ambao mfinyanzi ulipata kujikaza, ndio uliouokoa usianguke.

Enyi wenye majengo, mhandisi wenu akisema mtaro hauaminiki, msimtafute mwingine mwenye ulimi mtamu. Toeni gharama ya kuitoboa ardhi, nayo ni ndogo mno kando ya gharama ya kung'oa msingi uliokwisha kumwagwa, na msikubali zege limwagwe kabla hajatia sahihi yake.