Kadi ya mtihani: anza na maneno, si maua

Muhula wa tatu ukishika kasi, hapa mjini Kakamega huhitaji kuambiwa kwamba mtihani umekaribia. Tazama tu meza za wachuuzi na madirisha ya maduka ya vitabu. Kadi za kuwatakia watahiniwa heri njema hutandazwa za kila rangi: nyingine zina maua ya waridi, nyingine picha ya kijana aliyevaa joho, na ndani mna shairi fupi la Kiingereza lililokwisha kupigwa chapa. Mzazi hununua, hutia sahihi, hufunga bahasha. Kazi imekwisha.

Juma hili nataka tuitengeneze kadi hiyo nyumbani, mezani, pamoja na watoto. Sababu yangu si bei peke yake. Nitawaeleza kisa cha jirani yangu.

Jirani huyu alifanya mtihani wa Kidato cha Nne katika miaka ya tisini, katika shule ya bweni. Baba yake alikuwa mkulima wa miwa, mtu wa maneno machache. Mwaka ule mzee alikwenda dukani akanunua kadi kubwa kuliko zote, yenye utepe mwekundu, na chini ya lile shairi la Kiingereza akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: "Kumbuka yule ng'ombe." Ng'ombe mwenyewe alikuwa ameuzwa ili karo ilipwe.

"Siku ya hisabati," jirani aliniambia, "nilifungua karatasi nikamwona ng'ombe. Nilisoma swali la kwanza mara nne. Mpaka leo sikumbuki swali hata moja la mtihani ule, lakini ng'ombe namkumbuka mpaka baka lake la usoni."

Mzee hakukusudia ubaya. Alitaka kusema kwamba anampenda mwanawe na kwamba amejitolea kwa ajili yake. Kalamu ikaandika deni. Sasa binti ya jirani huyo ni mtahiniwa, naye alikuja kwangu na karatasi ya manila kwapani. Kukata na kubandika, alisema, atajifunza. Alichoogopa ni kuandika.

Kwa hiyo na sisi tuanze hapo.

MANENO KWANZA

Wengi wetu hutumia saa mbili kupamba, kisha huandika "Kila la heri" kwa dakika moja. Geuzeni mpango huo. Chukueni kipande cha karatasi chakavu, kila mmoja nyumbani aandike sentensi mbili au tatu. Zisomeni kwa sauti. Ondoeni yote yanayohusu karo, majirani, alama za mtoto wa shangazi, na "usituaibishe". Mtoto anayajua hayo tayari. Bakizeni jambo moja la kweli mnalolijua juu yake: kwamba huamka alfajiri bila kuitwa, kwamba alimfundisha mdogo wake kugawanya, kwamba kuku wake bado anataga. Mmalizie kwa kumwambia kwamba akirudi atawakuta.

Mtaniuliza: kwa nini kadi na kila mtu ana simu? Kwa sababu mwanafunzi wa bweni hana simu mkononi. Shule zetu haziruhusu. Ujumbe utakaoandika usiku utaishia kwenye simu ya mwalimu, kama utafika. Kadi hukaa sandukuni na husomwa mara ya pili na ya tatu. Mitihani nayo imebadilika: ule wa Darasa la Nane ulioanza 1985 ulifanywa mara ya mwisho 2023, na tangu 2025 wa Gredi ya Tisa nao wana mtihani wao wa kitaifa. Watahiniwa hawajapungua.

KUKATA NA KUKUNJA

Karatasi moja kubwa ya manila ya saizi ya A1 hutoa kadi 16. Ikate nusu, kisha nusu tena, mpaka upate vipande vya sentimita 21 kwa 15 hivi. Kila kipande kikikunjwa katikati ni kadi moja inayotosha mkononi.

Msikunje kwa kidole tu, mgongo utapasuka. Wekeni rula mahali pa mkunjo, mpitishe kalamu ya biro iliyokwisha wino huku mkikandamiza, ndipo mkunje. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kwa kuwa nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja. Ipindeni taratibu huku na huku kabla ya kukata. Upande inakopinda kwa urahisi ndiko mkunjo utakakokuwa laini.

PAMBO LA MGOMBA

Kwa pambo hamna haja ya kwenda dukani. Nyuma ya nyumba nyingi hapa kwetu pana mgomba, na kwenye shina lake huning'inia maganda makavu ya rangi ya majani makavu, ya asali na ya kahawa nzito. Chagueni yasiyo na ukungu. Yapanguseni kwa kitambaa chenye unyevu, myapasue kwa urefu, myalaze chini ya vitabu vizito kwa siku mbili. Mwenye haraka apitishe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa.

Kisha mkate maumbo kwa makasi. Mtoto wa Kakamega hakosi la kukata: ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, jiwe la Ilesi linalolia kando ya barabara ya Kisumu, kipepeo wa msituni, au kuku, ambaye katika nchi ya Waluhya haombi utambulisho. Umbo moja linatosha. Kadi iliyojaa kila kitu haina kitu.

GUNDI YA JIKONI

Korogeni kijiko kimoja cha unga wa ngano katika maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe. Ongezeni nusu kikombe cha maji ya moto, mpike kwenye moto mdogo mkikoroga, mpaka iwe kama uji mzito unaong'aa. Iacheni ipoe. Pakeni kidogo sana. Gundi nyingi hufanya karatasi ijikunyate. Ikishabandikwa, kadi ilale chini ya vitabu usiku mzima.

Pikeni ya siku moja tu, kwani kesho itakuwa imechacha, na mende huipenda kuliko sisi tupendavyo kadi. Fanyeni kazi asubuhi. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na nyingi huja alasiri. Kadi isiyokauka kabla ya saa nane huota ukungu ndani ya bahasha.

BAHASHA NA KISANDUKU

Bahasha ni rahisi. Karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari ikateni mraba wa sentimita 21. Ilazeni kama almasi, kadi ikae katikati, mkunje pembe ya kushoto na ya kulia zikutane, ya chini ipande juu yake na ibandikwe, ya juu ifunge.

Kama mtahiniwa yuko nyumbani na mnataka kumpa kijizawadi, kwa mfano kalamu fupi za rangi au njugu, tengenezeni kisanduku. Manila au kalenda ya mwaka jana ikateni mraba wa sentimita 18. Pimeni sentimita 4 kutoka kila ukingo, mchore mistari kwa biro kavu, mkate mstari mmoja katika kila pembe, mkunje na mbandike. Mtapata kisanduku cha sentimita 10 kila upande na kina cha 4. Kifuniko kikateni mraba wa sentimita 14 na nusu na mpime 2 kutoka ukingoni, nacho kitaingia bila kubana.

Hata hilo likiwashinda, mtazameni muuza njugu stendi. Ukurasa mmoja wa daftari, mzunguko mmoja wa mkono, na pakiti imesimama. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, wengi wetu tumerudi kujifunza yale ambayo mtu huyu hakuwahi kuyasahau.

KADI KUMI NA TANO ZILIZOBAKI

Sasa hesabu. Karatasi ilitoa kadi 16, na mtoto wenu ni mmoja. Zilizobaki mtazifanyia nini?

Aliyesoma bweni anakumbuka barua zinavyosomwa majina mbele ya wote. Wapo wanaoitwa mara kumi na wapo wasioitwa kabisa. Huyo wa pili hujifanya anafunga kamba ya kiatu. Huenda mzazi wake hana nauli, huenda hajui kuandika, huenda hayupo tena. Mwulizeni mtoto wenu, au mwalimu, kwa siri, ni nani ambaye hajaletewa. Mwandikieni na yeye, kwa jina lake kamili, na mtie sahihi yenu: "Mama wa rafiki yako." Msiandike "msamaria mwema". Mtoto anataka kujua ni nani aliyemkumbuka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kabla ya kupeleka, ulizeni shule ni siku gani inapokea kadi. Msitie pesa ndani. Na mwambieni mtahiniwa kadi ibaki bwenini. Katika chumba cha mtihani asiingie na karatasi yoyote, hata yenye dua.

NG'OMBE WA JIRANI

Jirani yangu alirudi Jumamosi kunionyesha kazi yake. Alikuwa ameharibu kadi tatu kabla ya kupata moja. Mbele yake amebandika ng'ombe wa ganda la mgomba, miguu mifupi, pembe moja ndefu kuliko nyingine, na usoni kabandika baka la karatasi nyeupe. Baba yake, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, aliitazama kadi kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka akafuta macho. Akaomba kalamu.

Ndani mna mistari miwili. Wa kwanza ni wa baba: "Huyu hauzwi. Fanya unaloliweza, sisi tupo nyumbani." Wa pili ni wa babu, kwa herufi zinazotetemeka: "Mimi pia nipo."

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Kwa watahiniwa wote, mulembe.