Tuwajue Ndege kwa Majina Yao

Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Ikiwa kuna mchezo uliojengwa juu ya msemo huo, basi ni ule nilioukuta Kinoo, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, nilipokwenda kumzuru mpwa wangu. Mtu hupiga picha ya ndege aliyetua ukutani au juu ya mparachichi, akawapelekea wenziwe kwa simu na kuuliza: "Jamani, huyu ni nani?" Papo hapo mjadala huanza. Hapana mshindi wala zawadi. Mwalimu, muuza mboga na kijana wa pikipiki hubishana kwa hoja mpaka jina lipatikane, na lisipopatikana husema wazi kwamba limewashinda, wakangoja picha nyingine.

Wako watakaosema kuwa huu ni upuzi wa watu wasio na kazi. Mimi nasema la, tena nasema kwamba sisi watu wa pwani twauhitaji mchezo huu kuliko hao walio bara.

Kwanza, mna adabu ya elimu ndani yake. Picha haisemi uongo, lakini pia haisemi kweli yote. Ndege mdogo akipigwa picha kwa karibu huonekana mkubwa, na mwenye rangi ya kung'aa akiwa kivulini huonekana mweusi. Fumbwe dume huwa na mkia mrefu wa fahari majira ya kuzaa, kisha manyoya hayo humtoka akafanana na jike. Kwa hivyo jamaa wa Kinoo hawatosheki na rangi. Huuliza: mdomo wake ni wa kupasua mbegu au wa kufyonza maua? Mkia wake una panda kama wa mwewe, au umenyooka? Alikuwa akifanya nini, na ni mwezi gani? Maana kati ya Oktoba na Aprili nchi hii huwapokea ndege wengi waikimbiao baridi ya Ulaya na Asia. Asemaye "ni fulani" huambiwa atoe dalili. Aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu mkali ataijua njia hiyo mara moja.

Wala desturi yenyewe si ngeni. Nairobi ina jumuiya ya wapenzi wa viumbe iliyoundwa mwaka 1909, ambayo sehemu yake ya Kenya leo yaitwa Nature Kenya. Mwaka 1971 Bi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya Jumatano asubuhi ya kuwatazama ndege, na watu wengi wamefunzwa humo. Nchi yenye aina za ndege zaidi ya 1,000 haikosi somo. Simu imeongeza jambo moja tu: asiyeweza kutembea na wenziwe sasa aweza kuuliza akiwa kwake.

Lakini lililonichoma ni hili. Katika mabishano yale nilisikia majina ya Kiingereza, nikasikia na ya Kikuyu. Kiswahili kilikuwa na neno moja tu, nalo ni "ndege". Je, lugha yetu ni maskini? La hasha! Wazee wetu walikuwa na chozi, afyonzaye maua. Mnana, asukaye kiota. Shore, kurumbiza, tiva na kuzumburu. Walikuwa na kwarara, yule ambaye kelele zake huwaamsha watu wa Kinoo alfajiri. Ufukoni walikuwa na membe, buabua, yangeyange, sululu na kitwitwi. Wavuvi na wakwezi waliwajua hawa bila ya kitabu. Waulize vijana wetu leo, watakutajia kunguru, njiwa na kuku.

Kamusi zimeyahifadhi mengi ya majina hayo, lakini mara nyingi maelezo yake hayazidi kusema kuwa ni aina ya ndege. Aina gani? Jina limewekwa, mwenyewe karuka. Na wale wawezao kumwonyesha kwa kidole wanapungua kila mwaka.

Tena kupotea kwa jina si jambo dogo. Sote tumesoma katika Suratun-Naml jinsi Nabii Sulaiman alivyowakagua ndege akamkosa hudihudi. Tuzingatie: alimkosa kwa sababu alimjua. Asiyejua ni nani aliyepo hatajua ni nani asiyekuwapo.

Haya yametufika sisi wenyewe. Kunguru wa asili yetu ni yule mwenye shingo na kifua cheupe. Huyu mwenye shingo ya kijivu, aliyejaa Mombasa, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameingia Mombasa. Hula mayai na makinda ya wenziwe, na yule mwenye kifua cheupe akasukumwa nje ya mji. Ni wangapi walioona? Wote wawili tuliwaita kunguru, basi ndege akabadilika na jina likabaki lile lile. Mwaka 2024, shirika la wanyamapori la KWS lilipotangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja, walikuwa wametutawala kwa miongo mingi. Kule Kinoo, picha ya kunguru ilipoletwa, swali la kwanza lilikuwa: shingo yake ni ya rangi gani?

Basi nawaomba walimu wa Kiswahili, walimu wa madrasa na kila mwenye mzee nyumbani: tuuchukue mchezo huu, tuongeze swali moja. Kijana apige picha, ampelekee babu au bibi, amuulize, "Huyu mwamwitaje?" Jina liandikwe pamoja na picha, na mahali lilipotajwa. Amu wakisema hivi na Vanga wakasema vile, yaandikwe yote mawili, pasiwe na ugomvi. Kazi hii haitaki fedha wala ofisi. Simu zimo mifukoni mwetu, na wazee wangali wako barazani. Simu zitabaki, wazee hawatatungoja.