Siri ya Operesheni Ina Umri Wake

Wahenga walisema penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na hapana shaka afisa yeyote wa polisi aliyekuwa nje ya jengo la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, angeiafiki methali hiyo bila kusita. Ndani ya jengo walikuwamo watu waliojificha chini ya kaunta na vyooni, wakiwapelekea jamaa zao ujumbe wa simu kwa vidole vinavyotetemeka. Nje zilikuwapo kamera za televisheni zikionyesha moja kwa moja jinsi askari walivyojipanga. Kundi la Al-Shabaab nalo lilikuwa na watu wake waliokuwa wakiandika katika mtandao wa Twitter wakati shambulizi likiendelea. Picha ya askari akinyemelea mlango fulani iliweza kumfikia aliye nyuma ya mlango huo kabla ya askari mwenyewe kufika. Anayedai kwamba umma una haki ya kujua kila kitu, wakati wowote, hana budi kwanza kumjibu yule aliyekuwa chini ya kaunta.

Hoja ya polisi, basi, ina uzito, na wapenzi wa uwazi hawaitendei haki wanapoipuuza. Kosa linaanzia pale hoja hiyo inapoondolewa katika siku ya tukio na kuburutwa hadi katika miaka inayofuata.

Tazama yaliyojiri katika Westgate hiyo hiyo. Kwa siku nne taifa liliambiwa mambo yaliyokinzana. Idadi ya washambuliaji ilitajwa kuwa kati ya 10 na 15. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa walikuwa wanne. Moshi mzito uliofuka kutoka jengoni ulielezwa kuwa ni wa magodoro yaliyotiwa moto. Watu wasiopungua 67 waliuawa. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi kuunda tume ya uchunguzi, na tume hiyo haikuundwa. Ripoti ya kamati ya pamoja ya Bunge nayo ilikataliwa na wabunge wenyewe mwaka 2014 kwa kuwa haikuwa na mashiko. Mtama ulikuwa umekwisha kuliwa na kuku wamekwenda zao, lakini ghala lilibaki limefungwa.

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Habari za operesheni hazifichwi kwa sababu ni mali ya polisi. Hufichwa kwa sababu zikijulikana kabla ya wakati wake zinaweza kuua mtu au kumtorosha mshukiwa. Sababu hiyo ina umri. Mlango ambao kikosi kitaingilia ni siri hadi kikosi kiingie. Nambari ya simu inayosikilizwa ni siri hadi mwenyewe atiwe mbaroni. Saa ambayo kikosi kilifika haina sababu ya kuwa siri jioni ya siku hiyo, seuze miaka kumi baadaye.

Yako machache ambayo umri wake ni mrefu mno, na hapa lugha yenyewe inatoa msaada. Kiswahili kina neno siri na kina neno sitara. Siri ni jambo lililofichwa, liwe jema au baya. Sitara ni kifuniko kinachomhifadhi mtu asidhurike wala asiaibishwe. Mwanakijiji wa Lamu, kando ya msitu wa Boni, aliyewadokezea askari kuhusu wageni wenye silaha anastahili sitara, tena maisha yake yote. Kadhalika afisa aliyepenyezwa miongoni mwa walanguzi wa dawa za kulevya, na mkewe, na watoto wake. Kamanda wa operesheni iliyoharibika hatafuti sitara. Anachotafuta ni siri ya kumkinga yeye na maswali, na mara nyingi huiomba kwa kutumia jina la yule mwanakijiji.

Mwaka 2014 serikali ilijaribu kulimaliza jambo hili kwa mkato. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 66A, kilichomfanya mkosaji mtu yeyote anayechapisha au kutangaza habari zinazodhoofisha upelelezi au operesheni za usalama za polisi au za jeshi. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwanafunzi wa lugha angetua katika kitenzi hicho, kudhoofisha. Kudhoofisha kwa kiasi gani? Kwa kipimo cha nani? Mwanahabari anayefichua kwamba mshukiwa aliteswa rumande bila shaka anaudhoofisha upelelezi uliotegemea mateso hayo. Mnamo tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walikibatilisha kifungu hicho kwa kukiuka uhuru wa kujieleza na uhuru wa vyombo vya habari. Walifanya vyema. Sheria isiyoonyesha mpaka wake humwachia askari auchore mpaka huo kila asubuhi.

Iliyofuata, yaani Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ni bora zaidi. Imesimama juu ya Kifungu cha 35 cha Katiba, na imeipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la raia, au saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Inaruhusu habari zinazohatarisha usalama wa taifa zizuiwe, lakini pia inakubali kwamba mahakama inaweza kuamuru zitolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara. Hata umri wa siri umetajwa humo: habari zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa haziwezi kuzuiwa tena, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Ila miaka 30 ni kizazi kizima. Mama aliyempoteza mwanawe akiwa na umri wa miaka 50 atangoje hadi afikishe 80?

Yapo pia mambo yanayoitwa siri za kazi ilhali hayajawahi kuwa siri kisheria. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inamtaka kila afisa aliyevaa sare abandike jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana. Katika maandamano ya vijana ya Juni na Julai 2024 walionekana maafisa waliovalia kiraia na kuficha nyuso zao, hata Mahakama Kuu ikalazimika Agosti mwaka huo kutoa amri ya muda ya kuzuia uficho huo. Kuku akiibwa kijijini, tukio huandikwa kituoni na mlalamishi akapewa nambari ya OB. Kijana akitiwa ndani ya gari lisilotambulika na watu waliofunika nyuso, jamaa zake waliizunguka Nairobi kituo kwa kituo wakiambiwa kwamba jina lake halimo kitabuni. Hiyo si operesheni inayolindwa.

Wako watakaopinga kwa kusema kwamba adui husoma ripoti za jana ili ajiandae kwa kesho. Ni kweli kwa kiasi. Ripoti inaweza kufutwa majina ya watoa habari, aina ya vifaa na mbinu za kuingilia jengo, kisha ikabaki na mengi ya kusomwa. Kinachohitajika ni muda uliowekwa na sheria, tuseme miezi sita baada ya operesheni yoyote iliyosababisha vifo, ambao ukiisha maelezo yawekwe wazi mbele ya Bunge na umma. Polisi wakitaka muda zaidi, wakamweleze jaji faraghani ni maisha ya nani yatakayohatarishwa. Mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya anayeficha.

Itakumbukwa kwamba tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Shambulizi lilianza alfajiri. Kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika saa nyingi baadaye, na kilipoingia hakikuchukua muda mrefu kuwamaliza washambuliaji. Mzazi wa mmoja wa wanafunzi hao hahitaji kuelezwa idadi ya bunduki za kikosi hicho wala majina ya waliozibeba. Anachostahili kujua ni mambo ya saa tu: amri ilitolewa saa ngapi, na nani, na ndege iliondoka Nairobi saa ngapi.