TAHARIRI: Sera ya Mazingira Isituishie Midomoni



Atokaye msikitini baada ya sala ya alfajiri hapa Kibuta hukutana barabarani na magunia ya mkaa yakielekea Dar es Salaam. Misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini imeumia kwa biashara hiyo miaka mingi. Nasi tumezoea kusema: "Hiyo ni kazi ya serikali." Basi tuulize: sera ya mazingira hutungwa vipi, na sisi tumo wapi?

Mwaka 1983 ilitungwa sheria iliyounda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ambalo wakati ule kazi yake kubwa ilikuwa kushauri. Baada ya mkutano wa mataifa wa Rio de Janeiro wa 1992, ikaja Sera ya Taifa ya Mazingira ya 1997. Ilitaja matatizo makubwa sita, na ukataji wa misitu ulikuwa mojawapo. Lakini sera ni nia tu. Haimfikishi mkosaji mahakamani. Ndipo ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, iliyolipa Baraza nguvu na kuteremsha wajibu hadi wilayani na kijijini. Sera ya 2021, iliyozinduliwa Februari 2022, imeyapa uzito mambo mapya, yakiwemo mabadiliko ya tabianchi.

Hata hivyo, amri peke yake haitoshi. Mapema mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, na muda mfupi baadaye ikailegeza, kwa kuwa wananchi hawakuwa na nishati nyingine ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Huo ni ushahidi kwamba somo limeeleweka.

Kwa Waislamu somo hilo si geni. Sayyidna Umar (r.a.) alipotenga malisho ya hifadhi, alimwagiza msimamizi wake awaruhusu wenye mifugo michache waingie, kwani matajiri wana pa kukimbilia na maskini hana. Alihifadhi ardhi bila kumdhulumu mnyonge. Mambo hayo mawili hayatengani: anayechoma mkaa kwa njaa anahitaji njia nyingine ya riziki, na anayemtuma kwa faida yake anahitaji kuzuiwa.

Nani atayasema haya? Kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo ndipo sheria ndogo zinazopendekezwa na halmashauri ya kijiji hujadiliwa kabla ya kupelekwa wilayani kuidhinishwa. Tunajaza safu siku ya Ijumaa, lakini siku ya mkutano viti huwa vitupu, kisha tunalalamika kuwa tumeamuliwa. Nasi walimu hatujitoi katika lawama hii: tumefundisha milango ya tohara kwa miaka, tukasahau kuuliza maji ya udhu yatatoka wapi msitu ukiisha.

Tunawaomba maimamu watangaze tarehe ya mkutano kama wanavyotangaza darsa. Tuhudhurie, tuulize mapato ya mazao ya misitu yanakwenda wapi, na tudai sheria ndogo inayolinda mti na mnyonge pamoja. Ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.