AFYA NYUMBANI: Safari ya Tonge Tumboni

Mtu aliyekula ugali wa muhogo na maharagwe jioni huko Mwakiro, katika vilima vya Muyinga, hudhani kwamba kazi imekwisha pindi sahani inapobaki tupu. Sivyo, ndugu msomaji. Tonge lile lina safari ya siku moja hadi tatu mbele yake, na mzazi aijuaye safari hiyo aweza kuokoa maisha ya mtoto.

Kinywani meno husaga, na mate huanza kuuvunja wanga wa muhogo. Tonge likimezwa, misuli ya umio hulisukuma hadi tumboni kwa sekunde chache tu. Hapo hukaa saa mbili hadi nne, likikorogwa pamoja na maji makali ya tumbo mpaka liwe kama uji. Kisha huingia kidogo kidogo katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa meta 6 hivi kwa mtu mzima. Nyongo itokayo katika ini na maji ya kongosho humaliza kazi ya kukivunja chakula, na kuta za utumbo hufyonza lishe na kuitia katika damu. Mabaki huenda katika utumbo mpana, ambamo vijidudu huchachusha sehemu ya maharagwe iliyoshindikana kumeng'enywa. Hiyo ndiyo asili ya hewa ijaayo tumboni baada ya mlo huo.

Wengi husahau habari ya maji. Kila siku lita 9 hivi huingia utumboni mwa mtu mzima: 2 za vinywaji na chakula, na 7 zitolewazo na mwili wenyewe, kama vile mate na nyongo. Karibu yote hurudishwa katika damu. Yatokayo pamoja na choo hayafikii robo ya lita.

Mtoto akiharisha, hesabu hiyo huvurugika, na maji hutoka kwa wingi pamoja na chumvi za mwili. Wako wazazi wasemao kwamba anyimwe kinywaji na chakula ili tumbo lipumzike. Shauri hilo ni la hatari: kuharisha hakukomi, na mwili huzidi kukauka.

Utumbo wa mgonjwa bado waweza kufyonza sukari na chumvi zikiwa pamoja, nazo huvuta maji. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya namna hiyo. Vifo vilishuka kutoka 30 hivi katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi, chukua katika kituo cha afya pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki. Pakiti zikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi. Mnyweshe mtoto kila anapoharisha; akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Anyonyeshwe na kulishwa kama kawaida.

Macho yakididimia, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu katika choo, usingoje kupambazuke. Mpeleke kwa mganga wa kituo mara moja, huku ukimnywesha njiani ikiwa aweza kumeza.