Bumu lisiwe somo la kwanza la fedha

Kila fedha za kujikimu zinapoingia, migahawa na maduka ya simu yaliyo jirani na vyuo vikuu vyetu hufurika. Wiki chache baadaye, wanafunzi walewale huanza kuazimana nauli. Wakubwa huita huo uzembe. Sisi tunaona lawama hiyo ni nyepesi mno.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupangiwa Sh10,000 kwa siku, lakini hazipokei kwa siku. Huja kwa mkupuo, na fungu la siku 60 ni Sh600,000. Anayekabidhiwa ni kijana ambaye pengine hajawahi kushika hata laki moja ya kwake.

Wakulima wanaosoma kurasa hizi wanaijua hali hiyo. Fedha za korosho au pamba huingia kwa msimu, baba huamua matumizi peke yake, na hesabu hazizungumzwi mbele ya watoto. Mtoto wa nyumba hiyo hufika chuoni na mazoea hayohayo. Mwenzake aliyekuwa akimsaidia mama gengeni, akihesabu mauzo kila jioni na kutenga mtaji wa kesho, ana nafasi kubwa zaidi ya kulifikisha bumu mwisho, hata kama anasomea ualimu. Wapo wanaosomea uhasibu na bado wanaazima nauli.

Lakini suala si chakula tu. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Atakayeanza kazi kwa Sh800,000 atakatwa Sh120,000 kila mwezi, kwa miaka. Wangapi walipigiwa hesabu hiyo kabla ya kusaini? Kwenye simu nako kuna mitego: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Tunaiomba Bodi iwape wanafunzi hiari ya kupokea fedha zao kila wiki, na mfano wa makato uandikwe kwa shilingi katika ukurasa wa kwanza wa mkataba. Vyuo navyo visisubiri mtaala mpya. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza ina nafasi ya saa mbili za somo hili, kabla fungu la kwanza halijaingia.