Tumbo Joto si Kisingizio

Leo nina malalamiko. Asubuhi ya mtihani wa Hisabati muhula uliopita, mwenzetu mmoja aliomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu. Mara ya tatu akanyimwa. "Huyo anaenda kuchungulia vikaratasi!" mtu akasema, darasa zima likaangua kicheko. Yaliyofuata siyaandiki, maana bado tunasoma naye hapa Kiganjo.

Je, alikuwa akijifanya? Mimi nasema la. Waliobuni msemo "tumbo joto" hawakuwa wakipiga porojo. Ndani ya kuta za njia ya chakula, kuanzia kooni hadi mwisho wa utumbo mkubwa, mna seli za neva zaidi ya milioni 100, zimesukwa kama nyavu mbili. Wavu mmoja uko kati ya tabaka za misuli nao husukuma chakula. Wa pili uko karibu na utando wa ndani, husimamia majimaji. Tena nyavu hizi hujitegemea. Mwaka wa 1899 huko London, Bayliss na Starling walikata neva zote zilizounganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo. Utumbo ukaendelea na kazi vilevile: unabana nyuma ya tonge, unalegea mbele yake. Kwa hivyo hata githeri ya jana usiku haikungoja amri ya kichwa chako!

Lakini kichwa na tumbo hupelekeana habari. Hofu ikiingia, mfuko wa chakula huzembea, ndiyo maana chai ya asubuhi ya mtihani hukaa pale kama jiwe. Utumbo mkubwa nao hushika mbio, choo kinafika mlangoni kabla maji hayajafyonzwa. Hapo utamwambia mtu ajikaze vipi? Anajikaza na nini?

Najua wajanja wapo, wenye vikaratasi kwenye soksi. Walimu wetu, hao wasindikizwe hadi mlangoni na saa iandikwe, lakini mgonjwa asifungiwe darasani kwa sababu yao.

Na sisi tuliocheka, jameni! Mimi nilicheka pia. Nilimwendea bwenini jioni ile kumwomba radhi, akageukia ukutani. Mpaka leo hajanijibu.